UZI: Mteja anadai leseni ya fonti kwenye lebo ya dagaa. Kwani herufi zina mwenyewe?

MchoraLebo

Wakuu, mwadila.

Nina kijiofisi cha usanifu hapa Mlango Mmoja, Mwanza: kompyuta mbili, printa moja inayokohoa, na mwenzangu anayeshika upande wa mihuri na kadi za harusi. Mwezi uliopita akina mama fulani wanaochakata dagaa Mwaloni Kirumba walinipa kazi ya lebo. Si dagaa wa kuanika mchangani hawa. Wanaanikwa juu ya chanja, wanakaangwa, wanafungwa pakiti za gramu 250. Maneno waliyotaka juu: "Dagaa wanaong'aa, hawana mchanga." Nikachora, wakapenda, tukatoa stika 500 za kuanzia.

Sasa wamepata mnunuzi wa Dar anayepeleka bidhaa kwenye maduka makubwa, naye ana mtu wake wa vifungashio. Jana huyo mtu kanitumia ujumbe: nimpe faili la CorelDraw (programu ninayochorea), nimpe fonti zote nilizotumia, yaani mafaili ya sura za herufi, zikiwa kwenye zipu moja (kifurushi cha mafaili), na nimpe uthibitisho kwamba fonti hizo nina leseni ya kuzitumia kibiashara. Miaka tisa niko kwenye kazi hii, nimeulizwa risiti ya EFD, nimeulizwa leseni ya biashara, lakini leseni ya herufi ndiyo mara ya kwanza.

Fonti zenyewe ni tatu. Jina kubwa ni fonti ya mwandiko wa mkono niliyopakua bure mtandaoni. Maelezo ya viungo na uzito ni Calibri, ilikuja na Office, zile programu za Microsoft za kuandikia. Tarehe na namba ya bechi ni Arial ya Windows. Nimpe zipu au nisimpe? Na stika zilizokwishabandikwa zina kesi?

KitiChaMbele

Nimekaa. Wajuzi tiririkeni.

MwanaIgoma

Yaani hizi a e i o u nilizoshikishwa kwa bakora darasa la kwanza leo zina mwenyewe? Kesho naenda kwa mwalimu wangu anionyeshe leseni yake.

MzeeWaRisasi

Vijana punguzeni utani, jambo hili ni la zamani kuliko hizo kompyuta zenu. Mimi nimepanga herufi za risasi kwa mkono, moja moja, kabla wengi wenu hamjazaliwa. Zilikuwa zinanunuliwa kwa uzito na kupangwa kwenye makasha. Makasha yale yalipangwa kwa hesabu ya Kiingereza, ambako e ndiyo huliwa sana. Sisi tunaandika "wanawake walalamika" na a zimekwisha saa nne asubuhi, kazi imesimama.

Kasha la herufi lilikuwa mali ya kiwanda. Karatasi iliyochapwa ilikuwa mali ya mteja. Sikuwahi kumwona mteja aliyekuja kuchukua tangazo lake akadai na kasha. Huyo bwana wa vifungashio anakudai kasha.

HerufiNaWino

Mzee ameshika kiini, shikamoo. Niongeze nyama kidogo kwa sababu mleta uzi ameuliza mambo mawili kwa pamoja.

Tunaposema fonti huwa tunachanganya sura na faili. Sura ni namna ile a ilivyopinda tumbo. Faili ni lile lenye ttf au otf mwishoni, nalo ni programu ndogo inayoiambia kompyuta jinsi ya kuchora hiyo sura. Marekani sura ya herufi hailindwi na hakimiliki. Mahakama yao ya rufaa ilisema hivyo mwaka 1978, kesi ya Eltra dhidi ya Ringer, na huyo Ringer alikuwa ndiye msajili wa hakimiliki aliyekataa kuisajili. Lakini mwaka 1998, kwenye kesi ya Adobe dhidi ya Southern Software, mahakama nyingine ya hukohuko Marekani ikasema faili la fonti ni programu na lina ulinzi. Waingereza wanalinda hata sura, ila sheria yao ya 1988 inasema ukiitumia katika kazi ya kawaida ya kuandika na kuchapa huna kosa. Kwetu, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inataja programu za kompyuta miongoni mwa kazi zinazolindwa.

Kwa hiyo lebo yako ikishakuwa picha, ndani yake hakuna fonti tena, mna pikseli tu. Chukulia nyavu na sangara. Umekodi nyavu, umevua, sangara ni wako, uza utakako. Usichoruhusiwa ni kukata kipande cha nyavu ukamgawia jirani. Zipu ya fonti ni kipande cha nyavu.

Mkerewe_Halisi

Mkuu, wewe hujawahi kuvua. Nyavu ukikodi kwa tajiri hata sangara si wako wote. Yanatolewa mafuta ya injini kwanza, inatolewa posho, halafu tajiri anachukua chake, kinachobaki ndiyo mnagawana huku mnatazamana. Inategemea mlikubaliana nini kabla mtumbwi haujatoka.

HerufiNaWino

Hahaha, umenipiga lakini umenisaidia. Ndiyo hapo hasa penye utata. Sheria inaweza kusema sura haina mwenyewe, lakini faili umelipata kwa masharti. Ulibonyeza "nakubali" bila kusoma, kama sisi sote. Masharti hayo ndiyo makubaliano na tajiri, na kila tajiri ana yake.

Microsoft ni tajiri asiye mgumu upande wa picha. Fonti zilizokuja na Windows unaruhusiwa kuzitumia kuonyesha na kuchapa maandishi, na wamesema hawakuzuii kuuza ulichochapa au kutengeneza, isipokuwa programu yenyewe iwe imeuzwa kwa ajili ya nyumbani, wanafunzi au matumizi yasiyo ya biashara. Bango, lebo, fulana, kalenda, endelea. Wanachokukatalia ni kunakili faili la Calibri na kulipeleka kwingine: kwenye simu, kwenye seva ya tovuti, kwenye laptopu ya rafiki, kwenye zipu ya huyo bwana.

Apple ni mgumu zaidi. Ile fonti yao ya San Francisco ukiipakua kwenye ukurasa wa watengeneza programu, leseni yake inakuruhusu kuchora mifano ya mwonekano wa programu za mifumo ya Apple, basi. Ukiiweka kwenye bango la harusi, hata kama bango ni picha tupu, umetoka nje ya makubaliano. Hapo ndipo ule mfano wangu wa nyavu unapozama.

Mleta uzi, angalia mambo mawili. Office yako ni toleo gani? Na ile fonti ya bure, ndani ya zipu uliyopakua kulikuwa na faili la maandishi? Lifungue ulisome.

MchoraLebo

Nimesoma na nimekaa chini.

Office ni ile ya nyumbani na wanafunzi. Niliinunua halali kabisa pamoja na laptopu, najivunia kuliko jirani zangu wote, kumbe ndiyo yenye mwiba.

Ya pili ni mbaya zaidi. Kwenye zipu kuna faili dogo ambalo sijawahi kulifungua tangu nipakue. Limeandikwa kwamba fonti ni ya matumizi binafsi tu, na anayetaka kufanyia biashara amwandikie mchoraji na kulipa. Na sasa nimekumbuka jambo. Nilipoandika "wanaong'aa" ile ritifaa haikutokea, kikaja kijisanduku. Fonti haikuwa na ritifaa wala tarakimu. Nikaazima mkato kutoka fonti nyingine, nikaupandisha juu, maisha yakaendelea.

HerufiNaWino

Kile kijisanduku kilikuwa kinakwambia ukweli. Wachoraji wengi hutoa toleo la kuonja, lina herufi za kawaida tu. Tarakimu na alama ziko kwenye toleo la kulipia. Mswahili hugundua mapema kuliko Mzungu, maana sisi bila ritifaa hatuna ng'ombe, hatuna ng'ambo, na Msukuma hawezi hata kuandika jina lake la Ng'wana.

WakiliWaMtaa

Niongeze neno moja kisha nirudi kazini. Watu hudhani kwamba kwa kuwa picha haina faili ndani yake, basi aliyeitengeneza yuko salama. Picha yenyewe inaweza isiwe na shida, na bado mtu aliyeichora akawa amevunja mkataba wa faili alilotumia. Mwenye fonti hatawafuata akina mama wa dagaa. Atakufuata wewe. Na kama kwenye ankara yako uliandika kwamba kazi ni halali na haina deni la mtu, mnunuzi naye atakurudia wewe. Kwa hiyo huyo bwana wa vifungashio hakuonei, anafanya kazi yake. Kosa lake ni moja, kuomba mafaili ya fonti ambayo wewe huna mamlaka ya kuyatoa.

FundiCorel

Kuhusu zipu, dawa yake iko kwenye kibodi. Chagua maandishi yote, Ctrl+Q, yanageuka kevu. Herufi inakuwa umbo kama duara au nyota, haihitaji fonti tena. Hapo mpe PDF au hata cdr (faili lenyewe la Corel), atachapa bila kukuuliza kitu. Ila hifadhi nakala yenye maandishi kwanza! Mimi niligeuza kevu kalenda nzima ya shule moja, nikasevu juu yake, halafu mkuu wa shule akapiga simu: mwezi wa nne umeandikwa "Aprli". Nililala ofisini siku hiyo.

MwanaIgoma

Hiyo "Aprli" naikumbuka, ilikuwa ukutani kwetu mwaka mzima 😂

HerufiNaWino

Kevu ni njia nzuri, na leseni nyingi zinaikubali kwa kazi za kuchapa. Na PDF ya kawaida pia haina shida kubwa: programu huingiza ndani yake zile herufi zilizotumika tu. Ukifungua sifa za PDF utaona jina la fonti limetanguliwa na herufi sita za ovyoovyo na alama ya kujumlisha, maana yake ni kipande, si fonti nzima. Mchapaji anachapa, lakini hawezi kuichomoa akaandikie barua.

Kila faili la fonti pia lina alama inayosema linaweza kupachikwa kwenye nyaraka kwa kiwango gani. Kuna zinazokataa kabisa, kuna za kutazama na kuchapa tu, kuna zinazoruhusu na kuhariri, na kuna zilizo huru. Kwenye Windows fungua folda ya fonti utaiona. Alama hiyo lakini haichukui nafasi ya leseni. Nimeona fonti ambazo alama inasema ziko huru na leseni inasema kinyume.

Malimbe_Hosteli

Wakubwa, nami nina shida ya karibu na hiyo. Nasoma hapa Nyegezi, nimechora ramani ya Ziwa Victoria kwa ajili ya makala za Wikipedia ya Kiswahili: Ukerewe, Ukara, Kome, Maisome, Rubondo, vyote viko. Majina nimeandika kwa Calibri. Nikaihifadhi kama SVG (faili la mchoro unaoweza kuhaririwa) nikaipandisha. Kwenye kompyuta yangu inapendeza. Kule mtandaoni majina yamevimba, Kome imeingia majini na Ukara imepanda juu ya Ukerewe. Na mtu mmoja ameniambia eti Calibri ni ya kampuni, hairuhusiwi. Nifute?

HerufiNaWino

Usifute. Hayo ni matatizo mawili na aliyekuambia kayafunga mzigo mmoja.

SVG kwa kawaida haibebi fonti, inabeba jina lake tu: "andika Kome kwa Calibri". Seva za Wikimedia, wenye Wikipedia, hazina Calibri, kwa sababu ileile ya nyavu: Microsoft hawajampa mtu ruhusa ya kuisambaza. Seva inatafuta mbadala, mbadala una upana tofauti, visiwa vinapigana vikumbo. Ungepandisha PNG, yaani picha ya pikseli, sura ya Calibri ingebaki palepale na kwa leseni usingekuwa na tatizo, lakini anayetaka kurekebisha jina la kisiwa asingeweza. Ungegeuza maandishi kuwa kevu, hali ileile: picha nzuri, maneno yamekufa, hayatafutiki wala hayatafsiriki.

Kosa la kweli lingekuwa kupachika faili zima la Calibri ndani ya SVG. Hilo linawezekana kitaalamu, na watu hufanya, na hapo unakuwa umesambaza programu ya mtu ndani ya kitu ulichokiita picha.

Tumia Liberation Sans. Red Hat, kampuni ya Linux, waliitoa mwaka 2007 hasa kwa sababu ya kero hii. Upana wa kila herufi ni sawa na Arial, ndugu yake Liberation Serif ni sawa na Times New Roman, na iko kwenye seva za Wikimedia.

Malimbe_Hosteli

Nimebadilisha. Kome imerudi nchi kavu. Asante sana mkuu.

PenguinWaButimba

Sisi wa Ubuntu, aina ya Linux, ule mfumo huru wa kompyuta, tulishalia zamani. Ndugu zangu wananakili folda nzima ya fonti za Windows kwenye flashi na kuimwaga kwenye Linux, wanasema "si nimenunua Windows". Haiendi hivyo. Kuna fonti chache za zamani, Arial, Verdana, Georgia na nyinginezo, ambazo Microsoft walizitoa kwa wote kuanzia 1996 kwa ajili ya tovuti. Sharti lilikuwa zisambazwe katika vifurushi vyao vilevile bila kufunguliwa. Ndiyo maana hadi leo Ubuntu haiji nazo, kuna kijiprogramu unachoongeza mwenyewe kinachokwenda kuzivuta zenyewe na kukutaka ukubali masharti. Calibri haimo humo, ilikuja baadaye na Office ya 2007.

Mbadala wa Calibri ni Carlito. Upana uleule, mistari haihami.

KitiChaMbele

Calibri ndiyo ile iliyowaumbua Pakistan?

PenguinWaButimba

Ndiyohiyo. Mwaka 2017, uchunguzi wa mali za familia ya waziri mkuu wao. Ikaletwa nyaraka yenye tarehe ya Februari 2006, imeandikwa kwa Calibri, wakati watu wa kawaida waliipata 2007. Wachunguzi wakauliza ilitoka wapi.

MwanaIgoma

Ndiyo maana mimi mikataba naandika kwa kalamu.

WakiliWaMtaa

Kuna kisa kingine kinafaa zaidi uzi huu. Ufaransa walianzisha chombo cha kupambana na wizi wa kazi mtandaoni, Hadopi. Januari 2010 wakazindua nembo yao. Wachora fonti wakaitazama, wakaona herufi zake ni za fonti iitwayo Bienvenue, ambayo Jean François Porchez aliichora kwa ajili ya France Télécom peke yake, haikuwa inauzwa kwa mtu mwingine yeyote. Mlinzi wa hakimiliki kavaa shati la jirani siku ya sherehe. Ikabidi nembo ichorwe upya. Mwone kwamba nembo ni picha, haina faili ndani, na bado walibanwa.

Bechi_na_Tarehe

Swali la wengi ambalo hakuna anayetaka kuliuliza: sisi wenye Windows ya kukreki na CorelDraw ya kukreki je? Maana hapa mjini tukianza kuhesabiana steshenari zitabaki mbili.

HerufiNaWino

Ruhusa ya fonti inatokana na leseni ya programu. Huna leseni ya programu, basi hata hiyo ruhusa huna pa kuishikia. Sitakuhukumu, nami nilianzia huko. Lakini siku mteja anapoomba uthibitisho, jibu la uongo kwa maandishi ni baya kuliko kusema huna. Na kazi ya lebo inaweza kufanyika yote kwa Inkscape, programu ya bure ya kuchorea, na fonti huru bila kulipa hata shilingi.

MchoraLebo

Wakuu, mrejesho.

Nilimwandikia mchoraji wa ile fonti kwanza, kwa sababu akina mama wanaipenda. Alijibu siku ya pili. Bei yake ya leseni ya lebo si kubwa, lakini anahesabu kwa idadi ya pakiti zitakazochapwa, na mwenyekiti wa kikundi aliposikia kwamba kila wakiuza zaidi wanarudi kulipia mwandiko, alicheka hadi akashika kiuno. "Mwanangu, hata mwenye mtumbwi hatuhesabii hivyo."

Nikabadilisha. Jina kubwa sasa ni Lobster ya Pablo Impallari, ambayo iko chini ya leseni huria ya fonti ya shirika la SIL. Nimeisoma yote safari hii, ni fupi, haimalizi chai. Inaruhusu biashara, inaruhusu kumpa mtu faili mradi leseni iende nalo, inakataza kuiuza fonti peke yake, na inasema wazi kwamba kazi unayoandika kwa fonti hiyo haifungwi na masharti yake. Maelezo nimeweka Carlito, kweli mistari haikusogea hata nywele. Bechi ni Liberation Sans. Na ritifaa ipo kwenye zote tatu, nimeijaribu kabla ya jambo lolote.

Yule bwana nimempa PDF ya kevu, fonti tatu, na leseni zake ndani ya zipu. Kajibu neno moja: "Sawa." Stika za zamani zilizobaki, kama mia moja na kitu, tumezichana. Iliuma.

Mwenyekiti kaitazama lebo mpya muda mrefu. Akasema ya zamani ilikuwa inacheka, hii inatabasamu. Nikamwambia tutazoea.

FundiCorel

Nakala yenye maandishi umehifadhi?

MchoraLebo

Sehemu tatu.

Mkerewe_Halisi

Hongera kaka. Sasa hao dagaa wenyewe pakiti shilingi ngapi? Nipo Kirumba kesho.